Mti Uliotoa Maua Tu

Mimi sitaki kudanganya mtu. Kavutha nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda.

Kitalu changu na chake vimepakana hapa Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, katikati ni seng'enge tu. Nimeuza miche miaka kumi na minane. Yeye alikuja nyuma yangu sana, na ni mimi nilimwonyesha kuchanganya samadi na mchanga. Kwa hivyo Daktari Maundu, yule mtafiti wa mimea, alipotuletea miche miwili, mmoja wangu na mmoja wake, nilijua wangu ndio utashinda.

"Huko mlimani imebaki kumi na mmoja pekee," alituambia. "Makaa na moto vimemaliza mingine yote. Tafadhali, mama zangu, nipatieni mbegu."

Ulikuwa mti mfupi wa kufika kiunoni, wa msitu wa juu kabisa, kule ambako ukungu hautoki mpaka saa sita. Jani lake nene, juu linang'aa, chini lina manyoya meupe, na ukilisugua linanukia tangawizi. Na madeko yake! Maji ya borehole, kisima cha kuchimbwa cha hapa, yana chumvi, hauyataki. Unataka ya mvua. Jua letu pia hautaki. Niliuwekea neti mbili, nikaupulizia maji asubuhi, mchana na jioni kwa miaka minne. Hata siku ya harusi ya binti yangu Shiro nilitoroka kanisani nikaupulizie.

Mwaka jana yote miwili ikachanua. Wangu ulijaa vishada vya njano, unga wake unakushika mpaka kwa leso. Wa Kavutha ulitoa vijiua vichache vya kijani, hata huvioni. Nikacheka kweli kweli. Halafu maua yangu yakakauka yakaanguka, na ya Kavutha yakawa matunda saba mekundu.

Wueh! Watu wakaja. Watoto wa shule na basi lao, watu wa kamera, mpaka chifu. Wote wanasimama kwangu kuuliza, "Mama, kwa Kavutha ni wapi?" Kwa Kavutha ni wapi! Mimi niliyemfundisha! Naye jioni anakuja na chai kwa thermos: "Mama Kiama, kuja tunywe." Ile chai nilimwagia samadi akigeuka. Daktari alipopanda mbegu za yale matunda saba nazo zikakataa kuota, nilisema pole kwa mdomo, lakini roho yangu ilikuwa inacheza.

Mwezi uliopita miti ikachanua tena. Daktari akaanza kunipigia simu. Mara tisa. Sikushika. Nilijua anataka nimpe Kavutha maji yangu ya mvua, na heri niyamwage.

Siku hiyo hiyo mteja mmoja, Mzee Gakuru, akasimama mbele ya mti wangu akatikisa kichwa. "Hii ni dume, kama papai. Maua ya bure. Sisi huwa tunakata." Akavuka akanunua miche yake kwa Kavutha.

Nilichukua panga. Mapigo mawili tu. Matawi na maua yake yote nikawarushia mbuzi wa jirani, nikasimama hapo mpaka wakamaliza. Kugeuka, nikaona Kavutha ananiangalia kupitia seng'enge.

Kesho yake asubuhi Daktari akaingia mbio, mkononi ana brashi ndogo ya rangi. Kavutha alikuwa nyuma yake.

"Mama, mbona hushiki simu? Mlima uliungua. Madume yote yameisha, limebaki lako. Nataka unga wa maua yako nipake kwa ya Kavutha leo, kabla hayajafunga."

"Wangu?" nikauliza.

"Kwani yale matunda saba yalitoka wapi? Nyuki walitoa unga kwako wakapeleka kwake. Nilidhani unajua, mama."

Hapo ndipo alipoona kisiki.

"Mbuzi," Kavutha akasema haraka. "Mbuzi wa kupita, Daktari. Jana niliwaona."

Ningenyamaza ningepona. Lakini niliona vile Daktari anamwangalia, huyu mwanamke mwema wa matunda, na sasa tena mwema wa kunifichia aibu. Ile kitu ikanipanda.

"Uongo," nikasema. "Nimekata mimi, na panga ni ile pale."

Daktari aliipangusa brashi yake kwa shati, ingawa haikuwa imeguza kitu, akairudisha mfukoni. Akaenda bila kuaga.

Ijumaa Kavutha aliniita kwa seng'enge. Maua yake yalikuwa yameanguka chini yote, makavu, na kwa mti hakuna tunda hata moja. Alikuwa analia. Tuko sawa sasa, mimi na yeye, vile nilikuwa nataka.