Mbuzi wa Bibi Magugu

"Ingia kati kabisa, bibi! Wageni waone unavyovuna!"

Msimamizi alifoka akiwa amesimama pakavu, mikono mfukoni. Bibi Magugu akaingia hadi maji ya bwawa la kiwanda cha betri yakamfika kiunoni. Jina hilo alipachikwa na wafanyakazi wenzake, akacheka, likamganda. Kazi yake ilikuwa kung'oa magugu maji yaliyokomaa, mizizi na yote, na kuyaacha machanga yaendelee kutanda. Alipoanza, maji haya yalikuwa yakibabua ngozi. Sasa vyura walikuwa wamerudi, naye akajivunia vyura wale kana kwamba amewazaa mwenyewe.

Wageni walijipanga ukingoni na viatu vyao vya kung'aa. Mtaalamu wa maji, dada mpole aliyekuja kiwandani mara mojamoja, aliinua gugu moja kwa mkono wenye glovu.

"Madini ya risasi yaliyokuwa kwenye maji hayakupotea," alieleza. "Yamo humu, kwenye mizizi na majani. Ndiyo maana tunayafukia magugu yote kwenye shimo la zege. Mnyama akiyala, sumu inaingia hadi kwenye maziwa."

Wageni wakapiga makofi.

Bibi Magugu alibaki amekumbatia fungu la magugu kifuani. Shimo la zege lilikuwa limejaa tangu kiangazi. Alipouliza ayapeleke wapi, msimamizi alimjibu, "Yabebe tu, ni majani hayo, si dhahabu." Naye, maskini ya Mungu, akashukuru! Kila jioni alijitwisha mzigo mbichi hadi nyumbani, mbuzi wake akala, akanenepa, maziwa yakawa tele. Majirani wakamwonea wivu. Siku hizi mjukuu wake alikuwa akilia tumbo, na nyimbo alizozijua zote zilianza kumtoka kichwani. "Minyoo hiyo," bibi alisema, akamwongezea maziwa.

Magari ya wageni yalipoondoka, mtaalamu akiwa ndani ya mojawapo, bibi alimfuata msimamizi.

"Uliniambia ni majani tu."

"Nani alikutuma ulishe mbuzi? Mimi nilijua unakwenda kuyatupa!" Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Yaishe, bibi. Ukiropoka tumekwisha wote wawili."

"Mimi nimeshakwisha, baba. Mjukuu wangu je?"

Msimamizi alikuwa ameshageuka, anamwita mlinzi afunge geti.

Bibi alirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wa mwanawe alikuwa amechuchumaa uani akikamua, na mtoto amesimama kando na kikombe chake, povu limemchora masharubu.

"Mama, leo majani yako wapi?" mkwe aliuliza. "Mbuzi atalala njaa."

Bibi akampokonya mtoto kikombe, akamwaga maziwa chini. Mtoto akaangua kilio.

"Mama! Amekukosea nini huyu?"

"Mvalishe viatu. Twende hospitali."

"Kwani ana nini? Mama, si uniambie!"

Bibi alinyoosha mikono ambebe mtoto. Mbuzi, aliyezoea kumpokea kila jioni, alimsogelea akamnusa kiganja kimoja, kisha cha pili. Halafu akanyofoa jani dogo la gugu lililong'ang'ania kwenye upindo wa gauni la bibi, bado bichi, akaanza kutafuna.