Wati Zilizopungua

Mashine ya Tusajigwe ya kutotolesha vifaranga ilikuwa sanduku la mbao tu, kazi ya fundi mmoja wa Vingunguti: mlango wa kioo, koili ya moto pembeni na bakuli la maji chini la kuleta unyevu. Mayai yaliyokuwamo safari hii hayakuwa ya kuuza. Mama yake aliyafukia kwenye pumba za mpunga kwa mikono yake kule Tukuyu, akayapakia kwenye basi la kuja Dar. Haukupita muda ugonjwa wa kideri ukaingia kijijini, ukafagia banda lake zima. Kuku wale wa shingo tupu, rangi ya majivu, walikuwa mbegu ya tangu enzi za bibi. Sasa mbegu yote iliyobaki duniani ilikuwa Yombo Vituka, ndani ya sanduku, na Jumamosi ile mchana ndiyo ilianza kudonoa maganda.

"Baba Hope, njoo usikie!"

Gaspar, mumewe, alitoka chumbani, akainama na kuweka sikio kwenye kioo. Sauti nyembamba zilikuwa zikiitana, kila moja imefungiwa kwenye ganda lake. Alicheka kama mtoto. Mkewe akamwona, naye akacheka.

Jioni kipupwe kilileta upepo wa baridi, na mtaa ukarudi nyumbani. Pasi za nguo za kanisani zikachomekwa, pampu za maji zikaanza kunguruma, televisheni za mpira zikawashwa, zote zikinyonya transfoma moja. Friji yao iliguna, ikatetemeka, ikanyamaza. Tusajigwe akatazama kipimajoto cha kwenye sanduku. Kilikuwa kinashuka.

Gaspar alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, na nyumbani kulikuwa na mita ya kupimia umeme. Akaichomeka ukutani. Badala ya volti mia mbili thelathini, ikasoma mia na sitini.

"Umepungua, ila si sana," Tusajigwe alisema. "Haujafika hata theluthi. Mbona joto linakimbia hivi?"

Gaspar hakuhitaji kalamu. Koili ile, ikipata umeme kamili, hupitisha nusu ampia. Gawa volti kwa ampia, unapata ukinzani wa omu mia nne na sitini, na huo haubadiliki sana hata umeme ukilegea.

"Ukinzani ni uleule, lakini msukumo umepungua," alisema. "Kwa hiyo na mkondo umepungua, hata ampia sifuri nukta tatu na nusu haufiki. Na wati ni volti mara ampia, mama Hope. Zote mbili zimeshuka, tunapigwa mara mbili. Zilikuwa wati mia na kumi na tano. Sasa ni hamsini na tano na ushee. Nusu ya moto haipo."

Tusajigwe alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima.

"Haya. Tufanyeje sasa?"

Gaspar aliweka mita chini.

Alijua kinachotakiwa: balbu moja ya zamani, ile ya waya unaowaka, ingefidia pengo lote. Akavaa kandambili, akatoka. Duka la kwanza, la pili, hadi kwa Quresh, muuza vifaa vya umeme barabarani.

"Mwalimu, hizo nani anauza tena?" Quresh alisema kwa huruma. "Hizi za siku hizi zinatoa mwanga tu. Ukiishika ni baridi kama maziwa ya friji."

Gaspar aliuliza nyumba kwa nyumba kama kuna kuku anayeatamia. Mtaa mzima ulikuwa na kuku wa nyama tu, wasiojua kulalia yai. Akapiga simu ya dharura ya umeme. Dada wa upande wa pili alimjibu kwa adabu kwamba taarifa imepokelewa. Aliporudi, mita ilisoma mia na thelathini. Hesabu ikajipiga yenyewe kichwani, hata hakuitaka: wati thelathini na saba.

Tusajigwe alikuwa ameshachemsha maji kwenye gesi, anajaza chupa za soda na kuzipanga katikati ya mayai. Joto likapanda. Baada ya muda chupa zikapoa, akafungua, akabadilisha. Akafungua tena. Kila alipofungua, mvuke ulitoka ukapotelea sebuleni. Yale maganda yaliyokwisha kutoboka yakaanza kukauka, na utando wa ndani ukawagandia vifaranga kama karatasi yenye gundi.

"Usifungue tena," Gaspar alimsihi.

"Nisipofungua wanakufa kwa baridi."

"Ukifungua wanakauka."

"Basi niambie kimoja, baba Hope! Wewe si ndiye unayejua?"

Gaspar alikaa sakafuni karibu naye, akimshikia sufuria. Sauti zilipungua taratibu, moja moja, mpaka ikawa mtu anasikia kila inayokosekana.

Asubuhi umeme ulikuwa umejaa, friji inaunguruma vizuri. Kifaranga mmoja alikuwa amesimama kwenye kona ya sanduku, manyoya yamenata, miguu inamtetemeka. Mayai mengine yalikuwa kimya.

Simu ikaita kutoka Tukuyu. Tusajigwe aliitazama, kisha akamkabidhi mumewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Wametoka?"

"Umeme ulikuwa mdogo, mama."

"Mdogo?" Mama mkwe alishangaa. "Umeme si upo au haupo?"

Gaspar aliziacha hesabu zake za wati.

"Ametoka mmoja, mama."

Upepo wa Tukuyu ulivuma kwenye simu.

"Ni tetea au jogoo?"

"Bado hatujui, mama. Ni mdogo mno."

"Haya," mama mkwe alisema polepole. "Mpeni maji." Halafu, kama anayejisemea mwenyewe: "Mmoja."