Treni ya Kwenda Machoni

Jana usiku niliota nimerudi kazini, stesheni, na bendera zangu mbili kwapani. Miaka thelathini na moja nilishika bendera relini. Kijani ipite, nyekundu isimame. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini kwa rangi hizo mbili hakuna aliyewahi kunidanganya.

Ila stesheni yenyewe haikuwa ya Kigoma. Kibao kimeandikwa TUMBO. Nikakisoma bila shida, na hapo ningejua ni ndoto, maana siku hizi jua likianza tu kushuka nagonga vigoda humu ndani kama mbuzi mgeni. Na ile picha ya marehemu mke wangu, Mama Kudra, ukutani, ninayokaa nayo kila jioni, naona fremu tu. Uso siuoni. Huu mwezi wa nne sasa.

Basi. Abiria wamejaa. Mchicha umekaa mafungu mafungu juu ya mizigo. Karoti wamejipanga kwa urefu. Kiazi kitamu, kile cha njano ndani, kimelala kwenye benchi, kofia usoni.

"Mnakwenda wapi?" nauliza.

"Machoni," anasema karoti mmoja mwenye ndevu. "Ukoo wetu unakwama hapa toka mwaka juzi."

"Si treni hii hapa?"

"Ipo. Haina mafuta."

Mkuu wa stesheni anatoka ofisini. Ni yai la kuku wa kienyeji, limevaa kofia ya kazi. Linanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mwenye hili tumbo?"

"Ndiye mimi."

"Nesi alikwambia nini?"

Nikamwambia kweli tupu. Nesi wa zahanati alisema nile rangi. Majani ya kijani, vitu vya njano, maboga, mapapai. Nami nakula, sijakosa siku.

Yai likafungua faili, likasema kijani cha juzi hakionekani humu. Basi nikauramba mlango wa ofisi, ulikuwa wa kijani, nikauramba mpaka kwenye kitasa. Likagonga muhuri. Hakuna aliyecheka.

"Rangi imetosha. Mboga unapikaje?"

"Nachemsha. Natia chumvi."

"Na mafuta?"

"Situmii."

Fungu moja la mchicha likaanza kulia polepole.

"Mzee," linasema yai, "kile macho yanachokitaka kwa hawa hakipandi bila mafuta. Wanakaa hapa siku moja, mbili, halafu wanatolewa mlango wa nyuma. Wa nyuma unaujua."

Nikasema naujua.

Mara kopo la vidonge vya vitamini, alilonitumia binti yangu Kudra kutoka Mwanza, likafunguka mfukoni. Kikatoka kidonge kimoja na begi lake dogo.

"Mimi daraja la kwanza," kinasema. "Sisafiri na mboga."

"Umemezwa na nini?" linauliza yai.

"Maji. Asubuhi, kabla ya chai. Mimi na ndugu zangu watatu kwa mpigo."

"Kakae pale na mchicha." Yai likanigeukia. "Vidonge si karanga, mzee. Kimoja, na chakula, kama kopo linavyosema. Ukizidisha unajitafutia ugonjwa mwingine. Haraka ya nini?"

Nikasema haraka ya picha.

"Picha ipi?"

Nikageuka nimwonyeshe, stesheni haipo. Niko jikoni kwangu, mchana, na Mama Kudra yuko kwenye kigoda chake, kanipa mgongo, khanga ileile ya majani. Anachambua mchicha.

Na chupa ya mawese iko rafuni. Niwaeleze hiyo chupa, wajukuu zangu. Ni ya mwisho aliyokamua kwa mikono yake, wiki ile kabla hajalala kitandani. Nikaiziba kwa gunzi la hindi, nikapiga alama ya mkaa pale mafuta yalipofika, sikuigusa tena. Kila jioni naitazama, nyekundu ile, ndipo nakula.

Chupa inakohoa.

"Mimi ni mafuta," inasema, "si kaburi."

"Hilo nalijua."

"Hulijui. Unanipa shikamoo kila jioni."

Mama Kudra anaendelea na mchicha. "Baba Kudra," anasema, "miaka miwili unakula majani ya maji kama sungura wa shule?"

"Nakula tu. Geuka kwanza."

"Nikigeuka utaona nini? Utaona khanga inazungumza."

"Geuka, mama."

"Mafuta nilikukamulia uyale. Wewe ukayaweka uyatazame. Haya, sasa hata kuyatazama yanakushinda."

Nikasema, yakiisha hayo, nawe utakuwa umeisha.

"Mimi niliisha Jumanne ile, baba. Ulinishika mkono. Hayo ni mafuta." Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Kijiko."

Nikampa kijiko. Akachota kimoja, akamimina sufuriani, honi ikalia.

Hapohapo tuko stesheni tena. Karoti wanasukumana mlangoni, kiazi kimeamka, kidonge kimepakatwa na mchicha. Yai linasema, "Mzee, kazi yako." Napeperusha ya kijani. Treni inaondoka. Na kwenye dirisha la mwisho yumo Mama Kudra, kageuka, anacheka. Mwanya ule wa mbele. Nimeuona. Mwanya tu, mengine yakapita haraka.

Nimeamka jua limeshachomoza. Nyumba kimya, kama ilivyo kila siku. Nikaenda moja kwa moja rafuni, nikaishusha chupa, nikaipeleka dirishani.

Gunzi limekaza. Utando wa buibui umeshika gunzi na shingo ya chupa, haujakatika hata uzi. Lakini mafuta yako chini ya alama ya mkaa. Kijiko kimoja kamili.

Basi, wajukuu zangu, nikaifuta ile alama kwa kidole gumba, nikang'oa gunzi, nikainjika sufuria. Na zahanati nitarudi Jumatatu, wanimulike vizuri haya macho. Kigoda chake nimekivuta karibu na jiko.