Sekunde Kumi za Anselmi

Nguo za marehemu hufuliwa kabla ya kugawiwa, na Martina hakuwa mtu wa kuruka utaratibu. Arobaini ya mumewe ilipokaribia alifua mashati, akasugua viatu, kisha akaibeba kompyuta hadi kwa Yunusi fundi, pale mjini Morogoro, ili nayo isafishwe. Ingechukuliwa na mpwa wa marehemu. Yunusi akaweka Windows mpya, na upande wa pili ukatoweka.

Maana mashine ile ilikuwa na pande mbili. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe Anselmi kilipouzwa naye akapunguzwa, aliinunua mtumba kwa kiinua mgongo chake, akaigawa diski: Windows ya nyumbani, Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, yake mwenyewe. Martina alitaka kusikiliza kwaya tu, ya pili hakuijali.

Siku ya arobaini akaja Felista, dada wa marehemu, kutoka kijijini Matombo, na mdomo wake.

"Umemzika kaka yangu mjini kama mtu asiye na kwao! Alitaka kulala kando ya kaburi la mama. Alinidokeza amekuandikia kwenye hiyo kompyuta."

"Hakuniambia kitu, wifi. Angeniambia."

Ukoo mzima ukabaki na swali moja: alisema au hakusema? Kesho yake Martina akarudi na kompyuta kwa Yunusi. Hakulia. Tangu mazishi ndani yake palikuwa pakavu, hata mwenyewe alishaacha kupashangaa.

"Shikamoo, mama. Usihofu," Yunusi alisema. "Windows ikiingia upya hujifanya mwenye nyumba peke yake. Chumba cha mzee huenda kipo, ila mlango ndio umezibwa."

Akatumbukiza sidii, akatazama mafungu ya diski. La pili lilikuwepo, zima. Akairudisha menyu ya kuwashia, akazima, akawasha. Kioo kikawa cheusi, na mistari miwili:

1. Windows
2. Martina, soma hapa

Chini yake namba zikateremka: kumi, tisa, nane.

"Mstari huo mzee aliuandika mwenyewe," Yunusi alisema. "Ulikuwa huoni, mama? Usipochagua, baada ya sekunde kumi inaingia Windows yenyewe."

Anselmi alipokuwa mgonjwa, kila asubuhi Martina alibonyeza swichi, akaenda kubandika chai. Akirudi, Windows imeshafunguka. Na Anselmi yuko kitandani, chumba cha pili, anamsikia akiwasha, anadhani anasoma. Mgonjwa hataji kaburi lake kwa mdomo, ni kujichuria kifo. Ndiyo maana siku alizoweza kusimama alikaa pale mezani akaandika.

Yunusi akabonyeza mbili. Faili lilikuwa moja.

"Februari 9. Martina, nikiondoka nipeleke Matombo, kwa mama."

"Februari 20. Umesoma? Nijibu hapa hapa."

"Machi 14. Umenyamaza. Basi, popote utakaponilaza."

Yunusi aliinamia bisibisi zake, akazipanga, akazipangua. Martina alisoma mara mbili, akangoja aumie, asiumie. Akavuta kiti. Akaweka vidole viwili juu ya kibodi.

"Baba," akamwambia fundi, "mtu akitaka kujibu, anaandika wapi?"