Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Jina la Msasa lilimpata gerejini, na lilimkaa. Kwa miaka thelathini na minane alipulizia magari rangi, na hakuna gari lililotoka mkononi mwake kabla hajafumba macho na kulipapasa bati zima kwa kiganja, akitafuta kipele. Alipostaafu, kiganja kiligoma kustaafu naye. Akikaa mezani anapapasa meza. Akimtembelea mtu anapapasa friji lake.

Kwa hiyo walipoalikwa na binti yao wa mwisho, muuguzi katika nchi ya mbali, mkewe alimkalisha kitako kabla hata ya kufunga mizigo. Alimwambia wanakwenda kupumzika, na gari la mtu asiliguse. Msasa akaapa, mkono mmoja juu, mwingine ukipapasa mkono wa kiti.

Mama mwenyewe alikuwa na lake moyoni. Alikuwa mshonaji wa mabegi ya ngozi, na cherehani yake ilikuwa imekufa kifo cha kweli, mafundi watatu wamenawa mikono. Cherehani ya aina ile iliuzwa kwenye mji wa binti. Mwenye duka alikubali kumwekea moja mpaka Jumamosi saa sita mchana, dakika moja zaidi anamuuzia mwingine, na jioni yake ndiyo safari ya kurudi. Pesa zake zote za cherehani mama alizitia kwenye kadi ya binti.

Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyotolewa kwenye kaunta ya magari ya kukodi. Dada wa kaunta alieleza kwa upole, binti akitafsiri. Gari lina bima, lakini likiumia, kipande cha kwanza cha hasara ni cha aliyelikodi. Mkitaka kipande hicho kiwe kidogo, mnaongeza bima nyingine, mnailipia kila siku. Kifaa cha kuonyesha njia ni pesa mbali. Dereva wa pili pesa mbali. Mafuta mrudishe tangi likiwa limejaa. Na hiyo bima ya kuongeza haigusi vioo, matairi, paa wala chini ya gari.

Msasa alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia binti.

"Mwulize, mwanangu, hiyo bima inakinga nini basi, honi?"

Binti hakuuliza. Akaongeza bima, akakataa kifaa cha njia kwa kuwa njia anazijua, akasema dereva ni yeye peke yake. Hata hivyo kampuni ilizuia dhamana kwenye kadi. Gari likirudi kama lilivyotoka, dhamana inaachiliwa papo hapo. Mama akaambiwa ni kiasi gani. Ilikuwa cherehani yake, kuanzia sindano mpaka pedeli.

Nje walipewa fomu yenye picha ya gari ya kuwekea alama. Hapo Msasa alikuwa nyumbani. Wengine huzunguka gari kwa dakika moja. Yeye alitumia robo tatu ya saa. Kilichopatikana ni kimoja tu: mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, mrefu kama kalamu. Ukaandikwa, ukapigwa picha, binti akaweka sahihi. Karatasi ya masharti ilikuwa ndefu, na sharti la tisa hakuna aliyelifikia.

Wiki ikaenda vizuri kwa kila mtu isipokuwa Msasa. Wenzake walitazama maziwa na milima. Yeye alitazama mlango. Alihama kiti asiuone, akauona kwenye kioo cha duka. Siku ya Alhamisi mama na binti walikwenda kupima viatu. Waliporudi walimkuta amekaa barazani na gazeti la lugha asiyoijua, akipiga mluzi. Mama aliujua mluzi ule. Aliusikia kila gari lilipotoka gerejini likimeta. Akashuka mpaka kwenye gari, akainamia mlango wa kushoto, akapanda tena barazani.

"Mzee wangu," alisema, "uliapa."

Msasa akamjibu kwamba hakuharibu kitu, ametengeneza. Kachupa ka rangi, brashi nyembamba, kitambaa. Watu watafurahi.

Jumamosi saa tatu asubuhi walirudisha gari. Mkaguzi alizunguka na picha zake mkononi, akafika mlango wa kushoto, akasimama. Akatazama picha, akatazama mlango. Akaenda kuhakikisha namba ya gari. Aliporudi hakuwa na uso ule wa kwanza.

Alisema mlango huu si ule. Gari limegongwa, mlango umebadilishwa kisirisiri. Akawafungulia sharti la tisa: matengenezo yoyote bila ruhusa yanafuta bima ya kuongeza, na dhamana inakaa mpaka uchunguzi uishe. Wiki tatu, labda nne.

Mama alikaa juu ya sanduku lake la safari. Hakulia wala hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Msasa. Akamwambia binti amweleze mtu huyu ukweli wote, bila kupunguza. Binti akaeleza. Mkaguzi akatikisa kichwa. Miaka kumi na moja, alisema, anasikia watu wakiapa kuwa mkwaruzo si wao. Hajasikia hata mmoja akiapa kuwa ameuondoa. Kisha akapitisha mkono juu ya mlango.

"Mwambie baba yako kazi hii haifanywi na mzee mwenye brashi kando ya njia. Hii imetoka kiwandani."

Binti alipotafsiri, Msasa alijikuta anatabasamu. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsifu hivyo. Halafu akamwona mama juu ya sanduku, anatazama saa, na tabasamu likamshuka lenyewe.

Akaomba thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kitambaa kikuukuu. Rangi ya siku mbili bado mbichi ndani, hilo analijua kila fundi. Akapiga goti mbele ya mlango, akafuta kazi yake nzuri kuliko zote, taratibu, toka mwanzo mpaka mwisho. Mkwaruzo ukachomoza. Urefu wa kalamu, umepinda kidogo mwishoni, kama kwenye picha.

Mkaguzi akainama, akalinganisha mara tatu. Uso wake ukarudi. Gari, alisema, liko katika hali nzuri kabisa. Akabonyeza, na simu ya binti ikalia: dhamana imerudi.

Walifika dukani saa tano na dakika arobaini na mbili. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kumwonyesha mtu mwingine.

Ndani ya ndege mama aliipakata cherehani, amekataa katakata iende na mizigo. Mahali fulani juu ya mawingu Msasa alinyoosha mkono, akapapasa shingo ya cherehani, macho kafumba. Kiganja kikasimama.

"Hapa pana kipele," alisema.

Mama akauondoa mkono wa mumewe, akaurudisha mapajani kwa mwenyewe, akaushika hapo hapo mpaka ndege ilipotua.