Tundu la Kumi na Sita

Kila asubuhi kabla ya kufungua studio, Danielle alipuliza vumbi kwenye lenzi, akaifuta kwa kitambaa laini, kisha akalizungusha tundu la kuingizia mwanga kutoka namba mbili, wazi kabisa, hadi kumi na sita na kulirudisha. Siku hiyo, kabla hajafika namba nane, jirani wa studio, Mama Kabedi, aliingia bila hodi, akaitupa picha mezani.

Danielle ndiye aliyeipiga Jumapili: Jenny, binti wa Kabedi, katika gauni jeupe la komunyo ya kwanza, uani kwao. Nyuma kabisa mlango wa jiko ulikuwa nusu wazi, na hapo uso wa mwanamume. Mtu alikuwa ameuzungushia wino mwekundu.

"Alexis," Kabedi alisema. "Alitoka tu aone mutoto yake mu robe nyeupe. Jana vijana walikuja na hii foto mu mukono. Wamemupeleka ku gare, ku treni."

Mwaka ule wa 1993 watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa kutoka mji wa Likasi, na mtaa uliamini kwamba Alexis, mume wa Kabedi na mmoja wao, aliondoka zamani kwa treni. Nyumba iliyomficha mtu ilinyang'anywa, ikapewa aliyemfichua.

"Tunatoka kesho, miye na Jenny. Danielle, nilikukosea nini?"

Danielle aliinamia picha. Picha za watoto alizipiga siku zote kwa tundu lililofunguliwa: sura ya mtoto ikatoka safi, nyuma yake kukawa ukungu mtupu. Katika ukungu ule Alexis angekuwa doa tu. Lakini Jumapili mwenye studio, Papa Casimir, parrain wake aliyemshika kwenye ubatizo, alimnong'oneza: "Leo funga mpaka kumi na sita. Jua kali. Tundu likiwa dogo, mbele na nyuma vyote vinaonekana." Danielle alifurahi kufundishwa. Na jioni Casimir alipojifungia chumba cha giza aisafishe picha mwenyewe, alidhani anahurumiwa uchovu.

Casimir aliingia akipiga mluzi. "Eh, mademoiselle, umefungua mapema!" Akaiona picha. Mluzi ukakatika. "Pole, Mama Kabedi. Kamera haina huruma."

"Parrain," Danielle alisema, macho sakafuni, "juu ya nini uliniambia kumi na sita?"

"Nilikuambia. Jua."

"Jua ningelipunguza kwa kasi ya kamera, tundu likabaki wazi. Weye mwenyewe njo ulinifundisha."

"Mutoto, acha mambo ya wakubwa."

Danielle akainua macho. Hakuwahi kumtazama hivyo. Akaisukuma picha mpaka ikamgusa Casimir mkono, asiondoe kidole chake kwenye mlango wa jiko.

"Nilimwangalia Jenny tu," alisema. "Weye ulikuwa unaangalia nani?"

Casimir alitazama dari yake inayovuja, kisha dirisha, na ng'ambo ya barabara nyumba ya Kabedi yenye kibaraza kipana.

"Alexis," alisema hatimaye. "Nilijua iko anajificha pale. Nilitaka ile nyumba."