Zumari Kinywani mwa Bi Kuramochi

Asubuhi ya mkutano na waandishi wa habari, Kuramochi Setsuko alisogeza meza ukutani akamfundisha bosi wake kuinama kwa kuomba radhi. Theluji ya mji wa Niigata ilikuwa imefika madirishani. Mzee Hiramatsu, mwenye kiwanda cha hita za mafuta ya taa, aliinama kama mtu anayetafuta kifungo sakafuni.

"Chini zaidi, bosi. Na usiinuke mpaka kamera zinyamaze."

"Mgongo wangu, we mwanamke!"

"Mgongo utapona. Mauzo yakivunjika hayaungiki."

Setsuko alikuwa amesomea zumari la okestra, lile linalotoa sauti moja kabla ya onyesho ili wapiga fidla wote wakaze nyuzi kwa kulifuata. Alipoona zumari halimlishi, aliingia kwenye uhusiano wa umma na masoko, akapanda mpaka ukurugenzi. Watu husema muziki ulimfunza nidhamu. Ulimfunza kuvuta pumzi ndefu kabla ya kudanganya, basi.

Mkutanoni, safu ya mbele alikaa Bi Onuki, mjane. Hita ya Hiramatsu ilimuunguza mumewe akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana. Bi Onuki alitaka jambo moja: kampuni ikiri kwamba ilijua vali ya mafuta inavuja, ili watu waziondoe hita hizo majumbani. Kampuni ilijua. Setsuko ndiye aliyeshauri wanyamaze mpaka baridi iishe, maana hakuna anayenunua hita wakati wa joto.

Mzee akainama vizuri sana. Setsuko akasimama aseme kwamba hawakujua lolote. Kinywa kikafunguka, ikatoka sauti ya zumari, ndefu na safi. Akajaribu tena. Zumari. Mwandishi mmoja akamwomba asogee karibu na kipaza sauti.

"Sema kitu kingine," Mzee alinong'ona, meno ameyakaza.

"Vingine vinatoka, bosi. Poleni na theluji, karibuni chai. Hicho tu ndicho kinachokataa."

Bi Onuki akainuka. "Basi sema mlijua. Tuone kama hicho nacho kitakataa."

Kisingekataa. Setsuko alikihisi kimeshafika kooni. Akakimeza, akapiga zumari mara ya tatu.

"Huna haya, mwanamke wewe," alisema Bi Onuki.

Magazeti yakaandika kwamba kampuni imekanusha.

Setsuko akampelekea mjane boksi zito la peremende za maharage, kama desturi ya kuomba radhi inavyotaka. Bi Onuki alilitupa kwenye theluji mbele ya macho yake. Setsuko akainama kwa kipimo alichomfundisha bosi, akarudi ofisini kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ile sauti. Nyumba za huku hata jiko la umeme huimba wali ukiiva, lakini hita za Hiramatsu zilikuwa bubu. Setsuko akasimama studio, akakana mara moja tu, zumari likatoka, likarekodiwa. Sasa kila hita mpya hupiga zumari inapowaka. Wateja waliipenda. Vali ni ileile. Setsuko akapandishwa cheo.

Jioni moja Bi Onuki aliisikia sauti hiyo ukutani, upande wa jirani, mke na mume wenye mtoto mchanga. Akaupiga ukuta kwa ngumi zote mbili.

"Izimeni! Izimeni hiyo hita!"

"Samahani sana, mama!" jirani alijibu kwa adabu. "Tunaipunguza sauti sasa hivi!"

Wakaipunguza.